Duara limekuwa yai, mti una urefu wa hasi 22: matatizo ya kufundishia hesabu kwa kompyuta na jinsi ya kuyatatua

Nafundisha hesabu sekondari moja ya huku Mbeya, ukipita Uyole ukashika njia ya Tukuyu. Maabara yetu ina mashine kumi na sita, zinazowaka siku ya baraka ni kumi na moja, na darasa ni la watoto hamsini na kitu, kwa hiyo ukisikia natoa ushauri ujue siutoi kwenye maabara ya kwenye picha. Walimu wenzangu wameshazoea kunipigia, kuna wa Makete, kuna wa Kyela, kuna na kaka mmoja wa Mafinga ambaye lazima aanze na "kamwene" hata kama projekta inatoa moshi, na nimegundua shida wanazonieleza ni zilezile kila muhula. Nimeamua niziandike.

Tunachotumia ni GeoGebra (inafanya kazi bila intaneti, na shuleni haina malipo, ilianza kama kazi ya masomo ya Markus Hohenwarter pale Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria), spredishiti yoyote, iwe Excel au Calc ya LibreOffice, na kwa madogo wa kidato cha kwanza Logo au Scratch, lugha za kompyuta za kufundishia watoto. Tafuta dalili yako hapo chini. Sababu nimeanza na ile inayotokea sana, na cha kuangalia nimeanza na kile kisichohitaji fundi.

Ila kabla ya yote fanya jaribio moja la dakika moja: rudia kitu hichohicho kwenye mashine ya pili. Mashine ya pili ikifanya vizuri, basi ya kwanza ina ugonjwa. Ikileta maajabu yaleyale, mashine ni nzima, shida ni tulichoandika sisi au hesabu yenyewe, na hapo usiite fundi, atakula hela ya bure. Kwa hesabu yangu ya haraka haraka simu nyingi ninazopokea ni za aina hii ya pili.

"Madamu, hili duara mbona kama yai?"

Umeandika x² + y² = 9, limekuja yai. Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndo hiyo, mtoto ameshika mhimili akauvuta bila kujua, kwa hiyo sentimita moja ya x siyo sawa na sentimita moja ya y. Angalia vyumba vya gridi, kama siyo miraba basi umeshapata mwizi. Bofya kulia sehemu tupu ya grafu, tafuta sehemu ya uwiano wa xAxis na yAxis, chagua 1 : 1, duara linarudi.

Kama kwenye laptopu ni duara safi lakini ukutani ni yai, hiyo ni projekta. Projekta nyingi za zamani ni za 4:3 na laptopu za siku hizi ni pana, picha inabanwa ili itoshe. Badilisha ukubwa wa skrini kwenye laptopu, 1024 kwa 768 huwa inakubali, au tafuta kwenye menyu ya projekta sehemu ya umbo la picha. Na kama duara limekuwa pana juu na jembamba chini, projekta imeinamishwa, wengi tunaiwekea madaftari chini, rekebisha kwa kile kitufe cha kunyoosha picha au toa madaftari.

Lakini subiri usirekebishe haraka. Siku lilipotokea kwangu mara ya kwanza niliona aibu nikakimbilia kurekebisha. Siku hizi naliacha, nawauliza darasa, hili ni duara au siyo? Wanagawanyika pande mbili wanapiga kelele, kisha namwambia mmoja aweke nukta kwenye mstari apime umbali hadi katikati, 3, avute nukta sehemu nyingine, 3, kila mahali 3. Macho yanasema yai, kipimo kinasema duara, na hapo ndo mtoto anaelewa duara ni nini bila kukariri. Sijawahi kupata somo zuri hivyo kwa chaki.

"Tumepima mti, urefu umekuja −22"

Hii nilicheka mpaka basi. Tulitoka nje kupima mti wa mlingoti ulio nyuma ya jiko, kundi moja wakasimama mita 20 kutoka kwenye shina, pembe ya kuangalia kileleni digrii 40, wakarudi ndani wakaandika =20*TAN(40) na Excel ikawapa −22.34. Wakaniambia madamu mti umezama ardhini.

Sababu ni moja tu: spredishiti inahesabu pembe kwa radiani (kipimo kingine cha pembe, digrii 180 ni radiani π), siyo digrii. Haikuulizi wala haikuonyi, unapewa jibu kimyakimya. Andika =20*TAN(RADIANS(40)) utapata 16.78, ongeza urefu wa macho ya aliyepima, kama mita moja na nusu hivi, mti una mita 18 na ushee. Jaribio la kujua kama mashine iko kwenye radiani ni SIN ya 30. Ikija 0.5 ni digrii, ikija −0.988 ni radiani.

GeoGebra nayo ni hivyohivyo, sin(30) ni radiani, lazima uweke alama ya digrii, sin(30°), na alama yenyewe inapatikana kwa kubonyeza Alt na herufi O pamoja. Kalkuleta za mkononi ni kinyume, mara nyingi ziko kwenye digrii mtoto anapozipata, ndo maana anakuja na majibu mawili anakuuliza lipi la kweli. Mbaya ni pale jibu la radiani linapotoka chanya na linafanana na la kweli, hapo hakuna atakayeshtuka. Kwa hiyo nawalazimisha kukadiria kwanza kwa macho, mti ni kama nyumba ngapi, waandike kwenye daftari ndo waguse kibodi.

"Parabola ya y = −x² inacheka badala ya kununa"

Tunajua inatakiwa kutazama chini. Kwenye spredishiti mtoto ameandika =-A2^2, grafu imetazama juu kama bakuli. Amerudia mara tatu, juu tu.

Hapa programu ina tabia yake, Excel na Calc zote zinachukua ile hasi ya mbele kuwa ni ya namba, wanaiambatisha kwanza ndo wanapandisha kipeo, kwa hiyo =-3^2 inatoa 9. Sisi kwenye hesabu tunasema kipeo kwanza hasi baadaye, jibu −9, na GeoGebra inakubaliana na sisi. Dawa ni mabano, =-(A2^2), au anza na sifuri, =0-A2^2. Hamna haja ya kurestati wala kuinstoli upya (kuna mwalimu aliinstoli upya Excel nzima kwa ajili ya hili, pole yake).

"Umbo linavunjika nikilivuta"

Mtoto amechora mraba mzuri, unashika kona moja unaivuta unapata kitu kama mkeka uliokunjwa vibaya. Analalamika programu mbovu. Programu ni nzima, yeye amechora kwa macho. Kuna tofauti ya kuchora na kujenga. Aliyechora ameweka nukta nne mahali zinapoonekana kama mraba, aliyejenga amesema huu mstari ni wima kwa ule na urefu huu ni sawa na ule, ukiuvuta wake unakua unapungua lakini mraba unabaki mraba.

Sababu kwa mpangilio: nukta imewekwa karibu na mstari badala ya juu yake, makutano ya mistari miwili yamekadiriwa badala ya kutumia kifaa cha makutano, mstari wima umechorwa kwa jicho. Kuangalia ni rahisi, tazama rangi. Nukta huru ni bluu iliyokolea, iliyofungwa kwenye mstari au duara ni bluu iliyopauka, na inayotegemea vitu vingine ni nyeusi. Kama nukta ilitakiwa kuwa makutano na ni bluu kali, umempata. Futa, jenga tena kwa kifaa chenyewe.

Mimi sipokei kazi ya jiometri ya kompyuta bila kuivuta kwanza mbele ya aliyeileta. Wameshazoea, sasa wanavutana wenyewe kabla hawajaniita.

"Slaida inatembea lakini mstari umelala"

Wamefungua slaida (kile kijiti cha GeoGebra unachokivuta kubadilisha namba) ya m na ya c za y = mx + c, wanazisogeza, mstari haujali. Kwanza angalia kama kwenye mlinganyo wameandika namba, y = 2x + 3, badala ya herufi. Wengi ndo hivyo. Pili, wameandika mx bila alama ya kuzidisha, matoleo mengine yanaisoma mx kama jina la kitu kimoja, andika m*x. Tatu slaida inaitwa a, wao wanaandika m. Basi.

"Grafu imekuja ya ajabu"

Hapa kuna magonjwa matatu tofauti na watu wanayachanganya.

La kwanza na la kawaida, kwenye spredishiti umechagua chati ya Line badala ya Scatter. Tulipanda mahindi kwenye kopo, tukapima urefu siku ya 1, 2, 5, 12 na 20. Chati ya Line inapanga hizo siku kwa nafasi sawa kana kwamba toka siku ya 12 hadi 20 ni sawa na toka 1 hadi 2, mahindi yanaonekana yamerefuka ghafla kama yamemwagiwa dawa. Ukitaka x iwe x kweli tumia Scatter, kila mara, hata usifikirie.

La pili, grafu haionekani kabisa. Iko nje ya dirisha. Ukichora y = x² + 500 na dirisha lako linaishia 10 utaangalia kioo mpaka kesho. Sogeza mbali, au mwambie mtoto aweke x = 0 aone y inaanzia wapi.

La tatu ndo tamu. Kijana mmoja alitaka kuona wimbi la sine, akaweka pembe 0, 180, 360, 540, akahesabu vizuri kwa RADIANS, akachora. Ikaja zigizaga inayokua, juu, chini, juu zaidi. Akasema amegundua wimbi linalokua. Ukweli kote pale sine ni sifuri, ila mashine haiwezi kushika π yote, inabaki na mabaki, kwa 180 inatoa 1.22E-16, maana yake sifuri nukta ikifuatiwa na sifuri kumi na tano ndo namba zianze. Na chati kwa kuwa inajipanua yenyewe ikayakuza yale mabaki mpaka yakajaa ukuta. Dawa mbili: soma namba pembeni mwa mhimili kabla hujashangaa, na punguza hatua, weka kila digrii 15. Nilimwambia achore zote mbili azibandike ukutani, ziko mpaka leo.

"Pembe za pembetatu zinajumlisha 179.99"

Kila mwaka. Kioo kinaonyesha 47.33, 62.33 na 70.33, wanajumlisha kwa kidole wanapata 179.99, wanakuja mbio kwamba wamevunja sheria. GeoGebra inaonyesha desimali mbili tu, ndani ina nyingi zaidi. Nenda kwenye mipangilio ya kukadiria desimali weka tano au kumi, au mwambie programu ijumlishe yenyewe kwa kuandika α + β + γ, itasema 180°.

Kuna ndugu yake wa ndani zaidi. Kwenye Excel andika =1*(0.5-0.4-0.1), utapata −2.78E-17 badala ya sifuri. Kwenye Python (lugha ya kuandikia programu) 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Siyo virusi, mashine inahesabu kwa mbili mbili, na moja ya kumi kwa mbili mbili haiishi, kama ambavyo sisi theluthi haiishi kwa desimali, 0.333 mpaka uchoke. Kwa kidato cha pili naishia hapo. Na Excel inashika tarakimu 15 tu, zaidi ya hapo inaweka masifuri, kwa hiyo mtoto anayetafuta 2^64 atapata namba ambayo mwisho wake ni wa kubuni, mpe GeoGebra kwenye ule upande wa CAS (unaohesabu kwa namba kamili bila kukadiria) au Python.

"Pembetatu ya kobe haifungi"

Logo ni ya zamani, 1967, akina Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, na bado sijaona kitu kinachomshinda yule kobe kwa mtoto anayeogopa hesabu. Kobe ni kialama cha kwenye kioo kinachochora mstari kinapopita, unamwambia tembea mbele 100, geuka kulia, tembea.

Shida ni hii. Mtoto anajua pembetatu sawa ina digrii 60, anaandika repeat 3 [fd 100 rt 60], yaani rudia mara tatu: mbele 100, geuka kulia 60. Kobe anachora kitu kilicho wazi kama nusu ya pembesita. Mtoto anabonyeza tena na tena. Mwalimu naye akiwa mgeni anasema labda programu imekwama.

Simama, mtoe mtoto kwenye kiti, mpeleke uwanjani atembee pembetatu mwenyewe. Atakapofika konani ataona mwili wake haugeuki 60, unageuka 120, kwa sababu anageuza ile pembe ya nje. Arudi aandike rt 120, inafunga. Kisha muulize na mraba je, 90, na pembetano, 72, na kwa nini kila mara jumla ya mageuzo ni 360. Kwenye Scratch ni hivyohivyo. Mvua ya Tukuyu ikiwa inanyesha, na huku inanyesha kweli, tumia korido.

Kosa dogo la pembeni: kobe hachori kabisa, kalamu imeinuliwa, andika pd, yaani shusha kalamu.

Vidogo vidogo vya haraka

Namba imekaa upande wa kushoto wa seli na haijumlishiki: imesomeka kama maandishi, mara nyingi kwa sababu umeandika 2,5 na mashine inataka 2.5, au kinyume chake, inategemea Windows imewekwa nchi gani, na hizi mashine za msaada zinakuja na mipangilio ya huko zilikotoka. Badilisha kwenye mipangilio ya nchi. Seli ina ####: panua safu. Namba za dadu mlizotengeneza kwa RANDBETWEEN(1,6) zinabadilika kila mkigusa: ndo tabia yake, nakili, bandika kama thamani tu, zitulie. Projekta inasema haina signali: kaza waya, bonyeza Windows na P chagua kunakili, angalia projekta imechagua tundu sahihi. Flashi imejaa shotikati na mafaili hayaonekani: usibofye hizo shotikati, mafaili yamefichwa tu, fungua cmd andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kama flashi yako ni E, yarudi, yanakili, kisha fomati flashi na usafishe mashine zote siku moja la sivyo wiki ijayo uko palepale.

"Mashine haiwaki" na ndugu zake

Angalia kwa mpangilio huu: soketi ina umeme (jaribu kwa chaja ya simu), ekstensheni imewashwa, swichi ndogo ya nyuma ya mashine, waya umekaa. Kwa kesi nyingi unaishia hapo, usicheke, mimi mwenyewe nimeshaita fundi akabonyeza swichi ya nyuma akachukua nauli yake. Ikiwaka na kupiga milio bila picha, ramu imelegea au ina vumbi. Ikiwaka kisha ikazima baada ya dakika chache, feni imejaa vumbi, kiangazi huku vumbi halina adabu.

Tarehe inarudi nyuma miaka kila ukiizima: betri ndogo ya saa imekufa, CR2032, ile ya duara kama sarafu, inabadilishwa kirahisi mashine ikiwa imechomolewa kabisa. Usidharau tarehe, ikikosea tovuti nyingi zinakataa kufunguka na watu wanadhani bando limeisha.

GeoGebra nzito inakwama: kwa mashine za zamani weka Classic 5 badala ya 6, ni nyepesi zaidi.

Kwa wenzetu wa Makete na Njombe, mwezi wa sita na wa saba, laptopu iliyolala kwenye ofisi ya baridi ukiileta darasa lenye watoto sitini linalofuka jasho inaweza kutoa unyevu ndani kama miwani inavyopata ukungu. Iache ifikie joto la chumba ndo uwashe.

Sasa hapa SIMAMA, usijaribu mwenyewe na usiruhusu mwanafunzi mjanja ajaribu:

Ukigusa kasha la mashine likakupiga shoti, hata kidogo tu kama sisimizi. Hiyo ina maana waya wa ardhi haupo au umekatika, na siku sakafu imeloa itaua mtu. Zima swichi kuu ya chumba, funga maabara, ita fundi umeme mwenye leseni apime ardhi ya jengo zima. Usikubali "tuvae tu viatu".

Harufu ya kuungua, moshi, au UPS (ile betri ya akiba) inayopata moto: zima ukutani, toa watoto nje, usimwagie maji. Pawa saplai usiifungue hata kama umeichomoa, ndani inatunza umeme. Vilevile kioo kile cha kizamani chenye mgongo.

Laptopu ambayo kibodi imeanza kubinuka au kifuniko cha chini kimeachia: betri imevimba. Usichaji, usibonyeze, usitoboe. Izime, iweke mahali pakavu mbali na vitu vinavyoshika moto, mpe fundi.

Radi. Kuanzia Novemba mpaka masika yaishe huku radi ni za kweli. Ukisikia ngurumo chomoa, kuzima hakutoshi, na chomoa na waya wa mtandao. Umeme ukija mdogo taa zinafifia, chomoa pia. Tatizo likiwa kwenye mita au nguzo hilo ni la TANESCO peke yao.

Na diski inayogonga tik tik tik ikiwa na matokeo ya watoto: acha kuiwasha washa, kila ukiwasha unaiua zaidi. Mpeleke mtu anayejua kuokoa data.

"Wanafunzi wanaangalia tu, mmoja ndo anashika mausi"

Hili haliko kwenye waya wowote lakini ndo linaharibu vipindi vingi. Watoto watano mashine moja, yule ambaye kwao kuna kompyuta anashika mausi, wengine wanatazama kama sinema. Sababu ya kwanza ni kwamba hukugawa kazi. Mimi mmoja anashika mausi na haruhusiwi kuamua, mwingine anaamua na haruhusiwi kugusa, wa tatu anaandika utabiri kabla ya kubonyeza, na kila dakika nane tunazunguka. Sababu ya pili ni swali. Ukiwaambia "chora y = 2x + 1, kisha y = 3x + 1" watamaliza wakae. Ukiwaambia "tafuteni mistari mitatu inayopita kwenye nukta moja, kisha mniambie milinganyo yao ina nini kinachofanana" hawatoki hata kengele ikigonga.

Na umeme ukikatika katikati, endelea. Ndo maana ya ule utabiri wa kwenye daftari.

"Kompyuta imesema ni kweli"

Hii ni dalili ya ugonjwa mkubwa na inaonekana kama afya. Darasa linajaribu mifano ishirini, yote inakubali, wanafunga daftari, imethibitika.

Sababu ya kawaida ni sisi walimu, tukishaona grafu nzuri tunasema "mmeona?" na kuhamia mada nyingine. Dawa yangu ni n² + n + 41, ya Euler wa karne ya 18. Kwenye GeoGebra wanaweka n, wanauliza IsPrime(n^2+n+41), yaani je, jibu ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe? True, ndiyo. Nawapa kipindi kizima wanitafutie inayokataa. 0, 41, tasa. 1, 43, tasa. 2, 47. Wanafika 20, wanafika 30, wote true, wengine wanaanza kunionea huruma. Waliofika 39 wanakula kiapo.

Mwaka jana kundi la nyuma mashine yao ilikuwa imekufa asubuhi ileile, wakabaki na karatasi, wakinung'unika. Binti mmoja hapo akaninyooshea mkono, "Madamu, mimi sijajaribu hizo zote, ila nikiweka 41 si kila kipande kinagawanyika kwa 41?" Darasa likanyamaza. 41² + 41 + 41, ni 41 mara 43, 1763. Wenye mashine wakaandika haraka, false. Na mmoja akarudi hatua moja nyuma, 40, ikatoka 1681, 41 mara 41, false pia. Halafu wakamgeukia yule binti wakamuuliza alijuaje bila kompyuta, na akasimama akaanza kuwaeleza ubaoni.